Mandhari ya eneo-kazi (kompyuta)

Mandhari ya eneo-kazi ni jumla ya mambo yanayoamua jinsi skrini ya kompyuta inavyoonekana kwa mtumiaji: picha ya usuli, rangi za madirisha, aina na ukubwa wa herufi, michoro ya ikoni, umbo la kishale cha kipanya, sauti za mfumo na mahali pa mwambaa wa kazi, yaani ule ukanda wenye vitufe vya programu zilizofunguliwa. Eneo-kazi lenyewe ni sehemu ya skrini inayoonekana kompyuta inapomaliza kuwaka, kabla ya programu yoyote kufunguliwa. Jina hilo limetokana na meza ya ofisini, ambapo karatasi na majalada hupangwa jinsi mwenye meza anavyopenda.

Kubadilisha mandhari hakubadilishi kazi ya kompyuta. Faili hubaki zilezile na programu huendelea kufanya yaleyale. Hata hivyo jambo hili si urembo tu. Kwa mtu mwenye uoni hafifu, rangi na ukubwa wa herufi ndivyo vinavyoamua kama ataweza kuitumia kompyuta au la. Pia linahusu swali la nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mashine: aliyeinunua au aliyetengeneza mfumo endeshi wake.

Sehemu zinazobadilishwa

Kwa kawaida mtumiaji anaweza kubadilisha mambo yafuatayo:

- Picha ya usuli: picha au rangi inayofunika eneo-kazi lote nyuma ya ikoni na madirisha.
- Rangi: rangi za pembe za madirisha, za menyu, za maandishi yaliyochaguliwa na za vitufe.
- Fonti: aina na ukubwa wa herufi katika menyu, majina ya faili na vichwa vya madirisha.
- Ikoni: michoro midogo inayowakilisha faili, folda na programu.
- Kishale: umbo, rangi na ukubwa wa alama inayofuata mwendo wa kipanya.
- Mpangilio: mahali pa mwambaa wa kazi, menyu na vitufe vya kufunga dirisha.
- Kihifadhi skrini: picha inayotembea kompyuta ikiachwa bila kutumiwa. Zamani kilikuwa na kazi halisi, kwa sababu katika skrini za kioo kizito picha iliyokaa muda mrefu mahali pamoja ilichoma fosforasi na kuacha alama ya kudumu.

Namna inavyofanya kazi

Programu nyingi hazichori vitufe na menyu zake zenyewe. Huomba maktaba ya pamoja ya mfumo ichore kitufe, nayo maktaba hiyo husoma maelezo ya mandhari ili kujua kitufe kiwe na rangi gani na pembe za namna gani. Kwa hiyo maelezo yakibadilishwa mahali pamoja, programu zote zinazotegemea maktaba hiyo hubadilika kwa pamoja. Programu inayojichorea kila kitu yenyewe hubaki na sura yake, na ndiyo sababu baadhi ya madirisha hukataa kufuata mengine.

Katika Windows, mandhari huandikwa katika faili ya maandishi inayotaja picha, rangi, vishale na sauti zitakazotumika. Katika mifumo ya Linux inayotumia maktaba ya GTK kuanzia toleo la 3, sura ya vitufe huelezwa kwa CSS, lugha ileile inayotumika kupamba kurasa za tovuti. Mtu anayeijua CSS anaweza kufungua faili hiyo, kubadilisha namba ya rangi na kuona matokeo.

Kila mtumiaji mwenye akaunti yake huwa na mandhari yake. Mwingine akiingia kwa jina lake katika kompyuta hiyohiyo, hukuta skrini kama alivyoiacha yeye.

Historia

Mwanzo

Kiolesura cha picha chenye madirisha na kipanya kilianza kutumika katika kompyuta ya Xerox Alto, iliyotengenezwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani. Mwaka 1981 Xerox ilitoa Star, kompyuta ya kuuzwa yenye ikoni na eneo-kazi linalofanana na ofisi.

Apple ilitoa Macintosh mwaka 1984. Skrini yake ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, lakini tayari mtumiaji aliweza kubadilisha usuli kwa kuchora mwenyewe nakshi ya pikseli 8 kwa 8, ambayo ilirudiwa kujaza eneo-kazi lote. Ikoni na fonti nyingi za kompyuta hiyo zilichorwa na msanii Susan Kare.

Windows

Windows 3.0 ya mwaka 1990 na Windows 3.1 ya mwaka 1992 zilikuwa na picha za usuli na orodha ya rangi zilizopangwa tayari. Mpangilio mmoja wa Windows 3.1, uliojaa rangi nyekundu na njano, umebaki kuwa mfano maarufu wa rangi zinazoumiza macho. Mwaka 1995, pamoja na Windows 95, Microsoft iliuza kifurushi cha ziada kilichoitwa Plus!, kilichounganisha picha, vishale, ikoni na sauti katika mandhari kamili.

Windows XP ya mwaka 2001 ilileta sura mpya yenye mwambaa wa bluu na kitufe cha kuanzia cha kijani, na mtumiaji aliweza pia kuchagua rangi ya zeituni au ya fedha. Picha yake ya usuli, kilima cha kijani chini ya anga lenye mawingu, ilipigwa na Charles O'Rear katika wilaya ya Sonoma, California. Mfumo huo ulikubali tu mitindo ya madirisha iliyotiwa sahihi ya kidijiti na Microsoft. Watumiaji waliotaka mitindo mingine walilazimika kurekebisha faili ya mfumo wenyewe au kununua programu kama WindowBlinds.

Mwaka 2009 toleo la Windows 7 lililoitwa Starter, lililowekwa katika kompyuta ndogo za bei nafuu, halikumruhusu mtumiaji hata kubadilisha picha ya usuli. Aliyetaka kufanya hivyo alipaswa kulipia toleo la juu zaidi. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa menyu ya kuanzia ambayo watu walikuwa wameizoea tangu 1995. Malalamiko yalikuwa mengi, na menyu hiyo ilirudishwa katika Windows 10 mwaka 2015. Windows 11 ilipotolewa mwaka 2021, mwambaa wa kazi haukuweza tena kuhamishiwa juu au pembeni mwa skrini kama zamani.

Apple

Apple kwa jumla imewapa watumiaji wake nafasi ndogo zaidi. Mac OS X ya mwaka 2001 ilikuwa na rangi mbili tu za kuchagua kwa vitufe na menyu: bluu na kijivu. Uchaguzi mpana wa rangi ulikuja na toleo la Mojave la mwaka 2018, ambalo pia lilileta mandhari ya giza.

Linux na programu huria

Mifumo ya jamii ya Unix ilifuata njia tofauti. X Window System, iliyoanzishwa katika chuo cha MIT mwaka 1984, ilitoa uwezo wa kuchora madirisha lakini haikuamua yaonekane vipi. Kazi hiyo iliachiwa programu nyingine ya kusimamia madirisha, na mtumiaji aliweza kuibadilisha kwa nyingine. Kutokana na utaratibu huo, kompyuta mbili zenye Linux zinaweza kuwa na sura tofauti kabisa.

Mazingira mawili makubwa ya eneo-kazi katika Linux ni KDE, iliyoanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, na GNOME, iliyoanzishwa na Miguel de Icaza na Federico Mena mwaka 1997. Yapo pia mepesi zaidi kama Xfce, yanayofaa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo.

Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulitoka ukiwa na rangi za kahawia. Jina lake ni la lugha za Kinguni na shina lake ni lilelile la neno la Kiswahili "utu". Mwaka 2010 rangi hizo zilibadilishwa kuwa zambarau na chungwa, na vitufe vya kufunga dirisha vikahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Watumiaji wengi walipinga, ingawa aliyejua mipangilio aliweza kuvirudisha. Katika toleo la Oktoba 2017 vilirudi kulia.

Mabishano kuhusu uhuru wa kubadilisha

Wasanidi wa programu hawakubaliani kuhusu kiasi cha uhuru anachopaswa kupewa mtumiaji. GNOME 3 ya mwaka 2011 ilibadilisha eneo-kazi kwa kiasi kikubwa na kupunguza mambo ya kurekebisha. Wasioridhika walianzisha MATE, inayoendeleza GNOME ya zamani, na wengine Cinnamon, inayotumika katika Linux Mint. Hilo liliwezekana kwa sababu programu huria zinaruhusu mtu yeyote kuchukua msimbo na kuuendeleza.

Mwaka 2019 kundi la wasanidi wa programu za GNOME lilitoa barua ya wazi likiomba wasambazaji wa Linux wasibadilishe sura ya programu zao. Hoja yao ilikuwa kwamba mandhari ngeni huweza kuficha maandishi, kuharibu mpangilio wa vitufe na kufanya ikoni zisieleweke, kisha lawama humwendea msanidi. Upande wa pili ulijibu kwamba kompyuta ni ya mtumiaji na sura yake ni haki yake. Tangu GNOME 42 ya mwaka 2022, programu zinazotumia maktaba ya libadwaita hazifuati kwa urahisi mandhari za nje. Hata hivyo GNOME 47 ya mwaka 2024 iliongeza uwezo wa kuchagua rangi ya msisitizo. KDE imebaki upande wa kuruhusu karibu kila kitu kibadilishwe.

Urahisi wa kusoma

Faida kubwa ya kubadilisha mandhari ni kwa watu ambao macho yao hayaoni vizuri. Kipimo kinachotumika sana ni uwiano wa mwanga kati ya herufi na usuli. Kipimo hicho huanza 1:1, ambapo herufi hazionekani kabisa, hadi 21:1, yaani nyeusi juu ya nyeupe. Miongozo ya shirika la W3C, iliyoandikwa kwa ajili ya kurasa za tovuti, inataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa maandishi makubwa. Mandhari nyingi za kupendeza zenye herufi za kijivu juu ya usuli wa kijivu hafifu hazifikii kiwango hicho.

Mifumo yote mikubwa ina njia ya kuongeza tofauti ya rangi. Katika Windows, kubonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen huleta mandhari yenye tofauti kali. Kukuza herufi na kishale pia husaidia wazee, ambao macho yao hupungukiwa uwezo wa kuona vitu vya karibu.

Mandhari ya giza, yaani herufi nyeupe juu ya usuli mweusi, hupendwa na wengi usiku. Baadhi ya watu wenye mtoto wa jicho husoma vizuri zaidi kwa njia hiyo kwa sababu mwangaza mkali huwasumbua. Watu wengine huona herufi nyeupe zikitawanyika, hivyo hakuna mandhari moja inayomfaa kila mtu. Kuhusu umeme, mandhari ya giza huokoa nishati katika skrini za OLED, ambapo pikseli nyeusi huzimwa. Katika skrini za LCD taa ya nyuma huwaka vilevile, kwa hiyo faida ni ndogo sana.

Lugha ya menyu pia ni sehemu ya kile mtumiaji anachokiona. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kifurushi cha programu za ofisi chenye menyu za Kiswahili.

Katika shule, ofisi na maktaba, msimamizi wa kompyuta anaweza kufunga mipangilio ili mandhari isibadilishwe. Hatua hiyo huzuia fujo katika kompyuta zinazotumiwa na wengi, lakini ikifungia pia ukubwa wa herufi na tofauti ya rangi, humzuia asiyeona vizuri kufanya kazi.

Usalama

Mandhari inayopakuliwa kutoka intaneti inaweza kuwa zaidi ya picha na rangi. Vihifadhi skrini vya Windows vyenye kiambishi .scr ni programu kamili, na vimetumiwa mara nyingi kusambaza virusi. Katika KDE, mandhari kamili inaweza kubeba msimbo unaotekelezwa. Machi 2024 mtumiaji mmoja aliripoti kwamba mandhari aliyoisakinisha kutoka duka la mtandaoni la KDE ilifuta faili zake zote binafsi. Halikuwa shambulio la makusudi, bali kosa katika amri ya kufuta. Mradi wa KDE uliwaonya watumiaji kwamba vitu vya duka hilo hutengenezwa na watu wa nje bila kukaguliwa.

Kwa sababu hiyo inashauriwa:

- kutumia kwanza mandhari zilizokuja na mfumo wenyewe;
- kuweka nakala ya faili muhimu kabla ya kusakinisha mandhari ya nje;
- kukataa mandhari ya picha tu inayoomba nywila ya msimamizi;
- kukumbuka jina la mandhari ya awali ili kuirudisha.

Namna ya kubadilisha

Katika Windows na katika mazingira mengi ya Linux, njia fupi ni kubofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye eneo-kazi, kisha kuchagua mstari unaohusu usuli au mwonekano. Katika Mac, mipangilio hufunguliwa kupitia menyu yenye alama ya tofaa iliyo juu kushoto. Ni vizuri kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ili likileta tatizo ijulikane ni lipi la kurudisha.