Magugu maji si nchi kavu: jinsi ya kujikinga na kuzama kandokando ya Ziwa Victoria

Katika nchi za baridi maziwa huganda barafu, na watu huzama kwa kuamini kwamba barafu itawabeba. Ziwa Victoria haligandi, lakini sisi wa Mwanza tuna kinachodanganya macho vilevile: magugu maji.

Mmea huu wenye asili ya Amerika Kusini ulianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Upepo ukiusukuma kwenye ghuba, maji hufunikwa yakaonekana kama shamba la kijani. Mtoto anayefuata mpira haoni ziwa, anaona majani. Chini yake hakuna udongo. Mizizi inaning'inia tu majini. Akikanyaga anapenya, kisha majani yanajifunga juu yake, na aliye ufukweni hajui hata atafute wapi. Mamba na nyoka nao hujificha humo.

Magugu huhama na upepo. Mahali mlipochota maji jana pakiwa peupe, leo panaweza kuwa pamezibwa. Kwa hiyo mtu mzima atangulie asubuhi na mti mrefu, apime kina, ndipo wengine wachote. Watoto wadogo wasitumwe ziwani peke yao, wala kwenye malambo na mashimo ya mchanga yaliyojaa mvua. Kingo zake huteleza na hukatika ghafla.

Wengi hujipa moyo kwamba pwani ni karibu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa. Nchi kavu walikuwa wanaiona.

Ukimwona mtu anazama, piga kelele kwanza, watu waje. Usijitupe majini. Anayezama humkumbatia yeyote anayemfikia, na hivyo ndivyo ndugu wawili huzikwa siku moja. Mnyooshee kasia au tawi huku umelala kifudifudi ufukweni. Akiwa mbali, mrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri na kufungwa kamba. Dumu hilo lingekaa mwaloni siku zote, kila mtu akijua lilipo, na lisigeuzwe la kubebea mafuta.

Akishatolewa, msimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo, ingawa wengi tumekua tukiona hivyo. Mlazeni chali. Kama hapumui, inueni kidevu, bana pua, mpulizieni mdomoni mara 5. Asipozinduka, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha pulizieni mara 2, mkirudia bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Mmoja apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe kituo cha afya hata hivyo. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye, akiwa amelala nyumbani.