Uhuru Uliopaa Kutoka Ngomeni

Ukitoka Malindi ukishika njia ya kaskazini, utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Mbele yake, ndani ya maji, Wataliani walisimamisha jukwaa la chuma, wakaliita San Marco. Hapo, tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Kimarekani ilipaa na chombo cha kuchunguza nyota. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 tangu kujitawala, na chombo kile kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini waje kwetu kutoka mbali? Kwa sababu Ngomeni i karibu na ikweta. Hapo kule kuzunguka kwa dunia huizidishia roketi kasi ielekeapo mashariki. Na mashariki yetu ni bahari tupu, kitakachoanguka hakimwangukii mtu.

Uhuru kilipima miale ya eksirei itokayo angani, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Kilikoma kazi mwaka 1973, na kwa uchunguzi wake vyanzo 339 vya miale hiyo vilijulikana. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nalo jukwaa lilirusha chombo chake cha mwisho mwaka 1988.

Sasa hebu tujiulize. Bahari ilikuwa yetu, na jina lilikuwa letu. Je, elimu ilikuwa ya nani? Nasi ni wajukuu wa manahodha waliokwenda Maskati na kurudi kwa kuzisoma nyota. Na nyota nyingi hata leo zaitwa kwa majina ya Kiarabu katika vitabu vya Wazungu!

Tarehe 15 Aprili 2023 mambo yaligeuka. Kenya ilipeleka angani Taifa-1, chombo cha kuipiga dunia picha kwa manufaa ya kilimo, misitu na tahadhari ya maafa. Safari hii wahandisi wa Kenya ndio waliokibuni, wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria. Lakini kilirushwa California, kwa roketi ya Kimarekani. Kwanza tulikuwa na mahali bila ujuzi. Sasa ujuzi umeanza kuja, na mahali petu pamekaa kimya.

Basi mzazi, mwanao akikuuliza usiku nyota ile yaitwaje, usimwambie alale. Mtafutie mwalimu wa hesabu na wa falaki. Jina ni heshima, lakini jina hupewa mtu na mwenziwe. Elimu huitafuta mwenyewe.