Mini, bugaluu na raizoni: Fasheni zilizowatia wakuu tumbojoto

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Fasheni nyingi huzuka, zikapendwa kupindukia kisha zikasahaulika. Hata hivyo, zipo ambazo watawala wa kanda hii hawakuziacha zijifie zenyewe.

Sketi fupi, yaani mini, ilivuma jijini London katikati ya miaka ya 1960, mbunifu Mary Quant akiwa miongoni mwa walioipa umaarufu. Haikukawia kutua Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Muongo uliofuata ukaleta bugaluu, suruali zilizobana mapajani na kupanuka miguuni, pamoja na raizoni, viatu vya soli nene. Nywele za afro nazo zilitoka Marekani, zikiwa ishara ya fahari ya Watu Weusi.

Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mnamo Oktoba 1968. Kuanzia Januari 1, 1969, mini, wigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua vilipigwa marufuku kwa hoja kwamba viliudhalilisha utamaduni wa taifa.

Idi Amin aliiharamisha mini nchini Uganda mwaka 1972. Mwaka uliofuata, Malawi chini ya Rais Kamuzu Banda ilipitisha sheria iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi. Wanaume hawakusazwa: bugaluu na nywele ndefu zilikuwa hatia.

Kenya haikuwa na sheria ya namna hiyo, na bado bugaluu zilififia bila askari yeyote kuzipima kwa rula. Mini, kinyume chake, ilisalia, na ugomvi wake ukasalia nayo. Novemba 2014, wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya umati kumvua nguo mwanamke katika kituo cha matatu kwa madai kwamba hakuvaa kwa heshima. Mwezi uliofuata, marekebisho ya Kanuni ya Adhabu yalifanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10.

Ndipo sheria ikageuka. Ile ya miaka ya 1970 ilimwandama mvaaji. Hii ya 2014 inamwandama anayemvamia. Fasheni hupita, lakini swali la nani mwenye mamlaka juu ya mwili wa aliyeivaa halipiti nayo.