Upanga wa +1: historia ya nambari ndogo

Leo tuweke kando mambo ya seva. Nataka tuangalie nambari moja ndogo sana: +1.

Kwa asiyeujua, Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia, wengine wanaigiza mashujaa. Ukitaka kumpiga zimwi unarusha dadu ya pande 20, kisha matokeo yanalinganishwa na ulinzi wake. Upanga wa uchawi wa +1 unaongeza moja kwenye dadu, yaani asilimia 5. Ni kidogo? Inategemea. Kama ulihitaji 11 kwenda juu, unatoka asilimia 50 hadi 55. Kama ulihitaji 20 yenyewe, unatoka 5 hadi 10. Umejiongezea maradufu!

Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu mwaka 1974, kipimo cha ulinzi kilikuwa kifupi: 9 kwa asiyevaa deraya, hadi 2 kwa mwenye deraya nzito na ngao. Ndani ya nafasi finyu hivyo, kila +1 ilikuwa mali. Halafu kitabu cha mazimwi cha mwaka 1977 kiliendeleza jambo ninalolipenda zaidi: viumbe wengine hawaumizwi na chuma cha kawaida hata kidogo. Unahitaji +1, au +2. Kwa sisi waandika programu, hiyo si hesabu tena, ni ruhusa. Una ufunguo au huna.

Toleo la tatu, mwaka 2000, lilileta fomula: zidisha nyongeza kwa yenyewe, kisha kwa sarafu 2,000 za dhahabu. +1 ni 2,000, +5 ni 50,000. Fomula safi, nakiri inanivutia. Lakini upanga wa hadithi ukawa bidhaa ya dukani, na ulinzi wa mazimwi ukapanda bila dari. Mwaka 2008 toleo la nne lilifika +6, na hesabu za mchezo zilitegemea kwamba utakuwa nayo. Sasa fikiria: wewe umeongeza 6, zimwi nalo limepandishwa kulingana na hiyo 6. Umepata nini? Hujapata kitu, umelipa kodi. Waandishi wenyewe ni kama walikubali, maana mwaka 2009 waliweka kanuni ya hiari ya kumpa mhusika nyongeza hizo bila silaha yoyote ya uchawi.

Toleo la tano la mwaka 2014 lilirudi nyuma: mwisho +3, na ulinzi wa mazimwi haupandi kwa kudhani una upanga wa uchawi. Ukiupata, umepata kweli.

Nauliza haya kwa sababu naandika kijiprogramu cha kuendeshea mchezo wetu wa Jumamosi, na kundi limegawanyika. Wawili wanataka +5, wawili wanataka nyongeza zifutwe kabisa. Nimeamua: mwisho +3, ulinzi wa zimwi haujui umebeba nini, na ule ufunguo wa 1977 unarudi. Kila silaha pia itakuwa na sehemu ya jina na aliyeimiliki kabla yako, na programu haitakubali kuihifadhi sehemu hiyo ikiwa tupu. Hapo ndipo kelele zitakapoanza.