Gustave: mamba ni wetu, filamu ni yao

Vijana wenzangu, Alien mpya ikitoka tunaikimbilia. Lakini jitu la kwetu mnalijua? Gustave ni mamba wa kweli wa mto Ruzizi na ufukwe wa ziwa Tanganyika, si mbali na Bandari ya Bujumbura. Mfaransa Patrice Faye ndiye alimpa jina, akajaribu kumnasa kwa mtego wa chuma, akashindwa. Mwaka 2007 Wamarekani wakamtolea filamu ya kutisha, Primeval. Wakaipigia picha Afrika Kusini, eti! Watu husema alizoea nyama ya binadamu kwa maiti zilizotupwa mtoni wakati wa vita vilivyoanza 1993. Mamba anajulikana dunia nzima kwa jina. Wale waliotupwa, hata orodha yao sijawahi kuiona.