Picha za Wazee Wetu wa Maganzo

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, mtakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita tuliazimia kila mmoja alete picha za zamani za kwao, ili zinakiliwe na wenzake nao wapate. Kamati imeniomba nieleze jinsi kazi hiyo ilivyokwenda kwetu sisi wa Maganzo. Sitaeleza yote. Nitashika picha moja tu, ambayo karibu niiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Wengi wenu mliijua Maganzo kwa kuiona dirishani mwa basi, mkitoka Shinyanga kwenda Mwanza. Asili yake ni mgodi wa Mwadui. Dakta John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliigundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na haikuchukua muda mrefu pakawa na mji kamili ndani ya ua: nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Nje ya ua, kandokando ya barabara kuu, ndipo ilipokua Maganzo yetu, yenye maduka, vilabu vya pombe na vyumba vya kupanga. Aliyekuwa na kazi mgodini aliingia asubuhi na kutoka jioni. Aliyekuwa hana alikaa hapo nje akisubiri.

Habari za ndani ya ua zina picha tele. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947, yenye karati 54.5, ilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth alipoolewa, ikachongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika pambo la kifuani. Tangu hapo imepigwa picha mara zisizohesabika. Mwaka 1956 mdogo wake, Binti Mfalme Margaret, alifika Mwadui, na kamera zilimfuata. Picha za namna hiyo hazipotei, kwa kuwa zina wenyewe wa kuzitunza. Lakini jina la mzee aliyepakia udongo katika behewa hutalipata chini ya picha yoyote kati ya hizo. Picha za upande wetu wa ua zilikaa katika masanduku ya bati chini ya vitanda. Mwaka 1974, watu wa Mkoa wa Shinyanga walipohamishiwa katika vijiji, masanduku hayo yalipakiwa pamoja na vyungu na kuku. Yaliyosalia yalipambana na mchwa, moshi na mapaa yanayovuja.

Sasa niseme habari za picha yenyewe. Wanaume watatu wamesimama mbele ya nyumba ya udongo, wamevaa makoti. Wa katikati ni baba yangu. Mpiga picha wa kuzunguka aliwapiga, akawasafishia nakala tatu, kila mmoja akachukua yake. Nakala yetu ilitiwa katika fremu ya kioo ikatundikwa ukutani, na nyumbani iliitwa "picha ya Binti Mfalme", kwa sababu baba mdogo alishikilia kwamba ilipigwa mwaka 1956, siku ya mgeni huyo. Mvua ya mwaka mmoja ilipenya ukutani. Pembe ya chini, upande wa kushoto, ikabaki na doa jeupe.

Nilipotaka kuitoa nikakuta imegandamana na kioo. Hapa niwaonye wenzangu. Uso wa picha za zamani zisizo na rangi umetengenezwa kwa jelatini, kitu kilicho jamaa na gundi. Ukipata unyevu hulainika, na ukikaukia juu ya kioo hushika. Dawa ya kwanza ni kutoivuta, bali kuiskani ikiwa humohumo ndani ya kioo. Mimi nilivuta. Ngozi ya picha ikabanduka katika ile pembe yenye doa, na kipande kama kucha kikabaki juu ya kioo.

Nikaipeleka kwa kijana mmoja Mwanza mwenye kompyuta, nikamwambia, "Nisafishie." Ninyi mnajua kwamba kwetu kusafisha picha ni kuitoa katika filamu na kuichapa. Kijana hakuikuta enzi ya filamu, basi alilichukua neno kama lilivyo, akasafisha. Baada ya siku mbili alinipa picha inayong'aa: baba yangu hana kunyanzi hata moja, na lile doa la pembeni limejazwa udongo mzuri laini. Nilifurahi, nikamlipa, nikanunua fremu mpya.

Nikampelekea mama. Wakati huo, mwaka 2023, alikuwa na umri wa miaka 85 hivi, na macho yake yalikuwa bado yanafaa kwa vitu vya karibu. Aliishika picha muda mrefu. Kisha akaweka kidole pale pembeni.

"Baba, na dada yako umempeleka wapi?"

"Dada yupi, mama?"

"Alikuwa amesimama hapa. Ameshika bendera."

Nilijua kwamba mama alizaa mtoto mmoja kabla yetu, aliyefariki kwa surua mimi sijazaliwa. Zaidi ya hapo sikujua, kwa maana habari zake hazikuzungumzwa nyumbani. Lile tuliloliita doa, pamoja na maji yaliyoliharibu, lilikuwa ni yeye. Alikuwa ametikisika wakati kamera inafunguka, akatoka kama moshi. Hana picha nyingine popote. Nikamwuliza mama kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo. Akajibu, "Hamkuniuliza."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia simu mwenzetu mmoja wa darasa la 'B', ambaye baba yake ni yule wa kulia. Mzee huyo aliondoka Maganzo akaenda mgodi wa zamani wa Geita, akafanya kazi huko hadi ulipofungwa mwaka 1966, na ukoo wake ukabaki hukohuko. Nikamwuliza kama nakala yao ipo. Alisema atatafuta. Zilipita wiki tatu, nami nilikuwa nimekwisha kata tamaa, ndipo akaja mwenyewe kwa basi, bahasha ameikumbatia kifuani. Nakala yao haikuwahi kutundikwa. Ilikaa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, mahali pakavu, pasipo mwanga, imelala bapa. Isipokuwa rangi ya manjano kidogo kingoni, ilikuwa nzima.

Mtoto yupo. Uso umefifia, lakini gauni linaonekana, na mkono mmoja umeinua kibendera cha karatasi. Tuliiskani kwa nukta 1,200 kwa inchi, tukakikuza kile kibendera. Kina mapande matatu yaliyolala, la kati jeusi. Mwenzangu akasema hiyo ni bendera ya TANU, kwa hiyo baba mdogo aweza kuwa na haki, kwani TANU ilianzishwa mwaka 1954. Tukatazama tena. Kati ya mapande palikuwa na mistari miwili myembamba inayong'aa. Bendera ya TANU haikuwa na mistari hiyo. Mistari ya dhahabu ilikuwa katika bendera ya Tanganyika, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 ilikuja bendera ya Tanzania, ambayo pande lake jeusi limekwenda mshazari. Kwa hiyo picha ilipigwa katikati ya miaka hiyo. Mama asema dada alizaliwa mwaka 1958, na pale ana miaka minne. Hesabu inakubali. Ile kompyuta iliyomfuta mtoto ilikuwa imefuta na tarehe pamoja naye. Baba mdogo bado anasema ni 1956.

Tulirudi kwa kijana yuleyule, maana kosa lilikuwa la maneno yangu. Safari hii alichukua nakala ya Geita, akaondoa umanjano na vumbi tu, wala hakugusa uso wa mtu. Faili ya kwanza, isiyoguswa, tumeiweka kando. Wenzetu tuliwatumia kama faili, si kama picha ya simu, kwa sababu simu huibana na ile mistari miwili hupotea. Nyuma ya nakala tuliandika majina kwa penseli laini. Kalamu ya wino isitumike, hupenya mbele. Nakala ya asili ilirudi Geita katika kitabu chake cha nyimbo.

Mama aliomba yake itundikwe karibu na kitanda, chini kidogo, mahali mkono unapofika.

Limebaki jambo moja. Mzee wa tatu, wa kushoto, hatumjui. Ni mrefu, amevaa kofia pana, na mkono wake wa kulia umewekwa begani mwa dada yangu, kama mtu anayemtuliza asitikisike. Mama akumbuka tu kwamba alipanga chumba nyuma ya nyumba yetu na kwamba watoto walimpenda. Nakala yake ya picha lazima ilikwenda mahali fulani. Mwenzetu yeyote ambaye nyumbani kwao ipo picha ya wanaume watatu wenye makoti na mtoto mwenye bendera pembeni, tafadhali aiandikie kamati.