Taswira Zilizofuata Muziki

Wengi watazamao leo filamu ambazo kompyuta huzipanga upya kila zionyeshwapo hudhani kuwa fani hii ililetwa na kompyuta. Lakini atakayefuatilia asili yake kwa subira ataikuta ilikwishaanza miongo kadhaa kabla, mikononi mwa watu ambao aghalabu hawakuwa wachoraji wala wapiga picha, bali wanamuziki.

Nam June Paik, Mkorea aliyesomea muziki Tokyo na kisha Ujerumani, alionyesha mjini Wuppertal mwezi Machi 1963 televisheni ambazo alikuwa amezichezea nyaya zake, hata picha za matangazo zikapinda na kukunjamana. Na jina la maonyesho yale, kwa hakika, lilitanguliza muziki, televisheni ikafuata nyuma. Mwaka 1970, kwa msaada wa fundi Shuya Abe, alikiendesha chombo chao cha kuchanganya taswira katika kituo cha WGBH mjini Boston.

Lakini waliolichimbua jambo hili hata wakaufikia mzizi wake ni mke na mume, Steina na Woody Vasulka. Mke alikuwa mpiga fidla kutoka Iceland. Mume alizaliwa Brno katika Chekoslovakia, akasomea uhandisi kabla ya filamu. Walikutana Prague, wakahamia New York mwaka 1965, na mwaka 1971 wakafungua ukumbi wa sanaa katika jiko kuukuu la hoteli, maana wahitaji hawachagui mahali, wakauita The Kitchen, yaani Jiko. Hapo walitafakari tofauti ambayo wengine waliipita tu. Filamu ya sinema ukiiinua mbele ya mwanga utaona nyuso za watu. Utepe wa video ukiutazama huoni kitu, kwa sababu kilichohifadhiwa humo ni usumaku, ambao mashine huugeuza kuwa mkondo wa umeme, na mkondo huo ni wa jinsi moja na ule utokao katika kipaza sauti. Ikiwa ni hivyo, basi sauti yaweza kuamrisha taswira, na taswira yaweza kutoa sauti, pasipo mkalimani baina yao.

Steina aliithibitisha hoja hiyo kwa fidla yake. Katika Violin Power, kazi aliyoishughulikia tangu 1970 hadi 1978, kila uta uvutwapo juu ya nyuzi, sauti huingia katika mitambo na kuuvuruga mwili wa mpigaji mwenyewe katika kioo cha televisheni, mistari ya picha ikitetemeka kwa kadiri ya nguvu ya mkono. Woody naye alichukua chombo kilichobuniwa na Steve Rutt na Bill Etra, ambacho huinua kila mstari wa picha kwa kadiri ya mwangaza wake, hata sehemu nyeupe ikasimama kama kilima na nyeusi ikabaki bondeni. Mwaka 1974 alipitisha ndani yake picha alizozirekodi katika shamba moja la Moravia, nchi ya ujana wake, akaita kazi hiyo Reminiscence. Na kwa maoni yangu hakuna mahali ambapo hila ya kiufundi imestahiki zaidi maudhui yake, kwani kuta na njia za shamba lile huonekana zikijengeka na kubomoka kwa wakati mmoja.

Huko Chicago, Dan Sandin alitengeneza mtambo wake wa kugeuza taswira kwa kufuata mfano wa vinanda vya umeme, kisha akawapa michoro yake bure wote waliotaka kujijengea. Ukarimu ambao wafanyabiashara wa leo wangeuona wazimu.

Katika miaka ya 1990 Steina aliirudia fidla, safari hii ya umeme, iliyounganishwa na sahani ya leza yenye picha zilizorekodiwa zamani: noti zikaamua picha iende mbele, irudi nyuma au ikimbie. Na mwezi Januari 2024, katika tamasha la Sundance, Gary Hustwit alionyesha filamu juu ya Brian Eno, mwanamuziki tena, ambayo programu aliyoiunda pamoja na Brendan Dawes huichagulia vipande na mfuatano mpya kila mara. Ni kazi ya kuvutia, walakini ndani ya kila kipande taswira haiguswi. Mtazamaji wa mara moja hawezi kujua kuwa kuna lililobadilika mpaka arudi kuitazama tena, ilhali kwa Steina lilionekana katika mvuto mmoja wa uta.